Udhibiti wa silaha za moto Zanzibar

Udhibiti wa silaha za moto Zanzibar ni jumla ya mikataba, sheria na amri zilizoamua nani aruhusiwe kuwa na bunduki katika visiwa vya Unguja na Pemba, na bunduki hiyo iwe ya aina gani. Udhibiti huo ulianza katika karne ya 19, wakati Zanzibar ilipokuwa soko kuu la silaha katika Afrika ya Mashariki. Ulipata sura ya kimataifa kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na leo uko mikononi mwa Jeshi la Polisi la Tanzania.

Katika kipindi chote hicho orodha ya silaha zilizoruhusiwa na zilizokatazwa ilibadilika mara kadhaa. Kila ilipobadilika ilizua hofu kwa wenye silaha: wafanyabiashara wa Mji Mkongwe, wenye misafara ya pembe za ndovu, wasasi, na hata Sultani mwenyewe ndani ya jumba lake.

Aina za bunduki

Ili kuelewa orodha hizo inafaa kujua bunduki zilizokuwa zikiuzwa. Ya kale zaidi ni bunduki ya fetili, iliyowashwa kwa utambi unaowaka. Ikafuata gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Baadaye ikaja bunduki ya fataki. Zote tatu zilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu kwa kutumia mdeki, na kwa ujumla watu huziita magobori au magobore. Mpigaji hodari alihitaji muda kabla ya kufyatua mara ya pili, na siku ya mvua baruti ililowa.

Bunduki ya viasi ni jambo lingine kabisa. Hupakiwa kwa nyuma, risasi na baruti vikiwa pamoja ndani ya kiasi kimoja cha shaba, na ndani ya mtutu wake mna michirizi inayoizungusha risasi ili iende mbali bila kuyumba. Tofauti baina ya gumegume na bunduki ya viasi ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa sheria.

Mkataba wa mwaka 1833

Sharti la mapema linalojulikana vizuri kuhusu uuzaji wa bunduki Unguja limo katika mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani, uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Mjumbe wa Marekani alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyekwisha kufika Zanzibar miaka michache kabla. Mkataba uliwaruhusu Wamarekani kuuza na kununua katika bandari zote za Sultani bila kupangiwa bei na maofisa wake.

Bidhaa tatu tu ziliwekewa mpaka: bunduki, baruti na risasi. Katika kisiwa cha Zanzibar ziliweza kuuzwa kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sultani ziliuzwa kwa uhuru kwa yeyote aliyetoa bei kubwa. Kwa maneno mengine, Sayyid Said hakuwa na neno na biashara ya silaha kwa jumla, ila alitaka kisiwa alichokuwa akikigeuza kuwa makao yake kiwe na mnunuzi mmoja tu.

Soko la bunduki

Sharti hilo halikuzuia biashara kukua. Mwaka 1859 bunduki karibu 23,000 zilipita Zanzibar. Zilikwenda bara pamoja na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, na misafara ilirudi na pembe za ndovu na watumwa. Watemi wa bara nao walizitafuta. Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga waliobeba bunduki, na kuanzia mwaka 1871 aliweza kupigana kwa miaka na Waarabu wa Unyanyembe waliotegemea soko lilelile la pwani.

Sababu kubwa ya wingi wa bunduki ilikuwa Ulaya kwenyewe. Majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha zao haraka katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kila jeshi lilipopata bunduki mpya, zile za zamani zilitafutiwa mnunuzi mbali. Bunduki iliyokuwa takataka katika ghala la Ulaya ilikuwa mali katika forodha ya Unguja. Mnamo mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, aliionya serikali yake juu ya wingi wa silaha zilizokuwa zikiingia, na miongoni mwa hizo bunduki za viasi zilikuwa zikiongezeka. Makadirio ya wakati ule yalitaja bunduki kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hofu ya Euan-Smith haikuwa biashara ya utumwa peke yake. Alitambua kwamba mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakijiandaa kuitawala bara yangekutana na watu wenye silaha zinazokaribiana na zao.

Mzingiro wa pwani, 1888–1889

Mwaka huohuo watu wa pwani ya Tanganyika waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri huko Saadani. Ujerumani na Uingereza, kwa idhini ya Sultani Khalifa bin Said, zikaizingira pwani kwa manowari kuanzia tarehe 2 Desemba 1888. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Mzingiro uliondolewa tarehe 1 Oktoba 1889.

Kwa wafanyabiashara wa Unguja hilo lilikuwa pigo la ghafla. Mali iliyokuwa halali juzi ikawa ya magendo, na jahazi lililokutwa na baruti lilikuwa hatarini kukamatwa. Wakati huohuo Hermann von Wissmann alishuka pwani na jeshi la kukodi lililobeba bunduki za kisasa na mizinga. Marufuku haikuwa ya bunduki, bali ya bunduki kwa upande mmoja.

Mkataba wa Brussels

Mataifa 17 yalikutana Brussels kuanzia Novemba 1889 ili kujadili namna ya kukomesha biashara ya watumwa. Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa yaliyotia saini. Mmoja wa wajumbe wa Uingereza alikuwa John Kirk, aliyewahi kuwa balozi wake Zanzibar kwa miaka mingi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 2 Julai 1890, miezi minne kabla Zanzibar haijatangazwa rasmi kuwa nchi lindwa ya Uingereza, na ulianza kutumika mwaka 1892.

Sura yake ya silaha ilichora ukanda mkubwa juu ya ramani ya Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi latitudo 22 kusini, bahari hadi bahari, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Unguja na Pemba zilikuwa ndani. Katika ukanda huo uingizaji wa silaha za moto ulikatazwa, hasa zile zenye mitutu ya michirizi na zilizoboreshwa, pamoja na baruti, risasi na viasi vyake.

Kilichoachwa kilikuwa orodha fupi sana: bunduki za gumegume zenye mitutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Hata hizo hazikuuzwa hivihivi. Silaha zote zilizoingia zilipaswa kuwekwa katika ghala la serikali, na hakuna iliyotolewa bila kibali. Maeneo ya kuziuza yalipangwa na wenye mamlaka, na mikoa yenye biashara ya watumwa haikuruhusiwa kamwe. Aliyepewa idhini ya kutoa silaha ghalani alitakiwa kupeleka kila baada ya miezi sita orodha inayoonyesha zilizouzwa zimekwenda wapi na ghalani zimebaki ngapi.

Bunduki za viasi zilipatikana kwa njia mbili tu nje ya jeshi. Ya kwanza ni mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kwamba silaha haitauzwa wala kupewa mwingine. Ya pili ni msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda yeye mwenyewe. Silaha ya mtu binafsi iliandikishwa na kupigwa alama, na leseni ilitaja jina la mwenyewe na alama hiyo. Leseni ilidumu miaka 5, iliweza kuongezwa, na iliweza kufutwa ikithibitika imetumiwa vibaya. Msomaji wa leo anaweza kushangaa jinsi taratibu hizi zinavyofanana na za sasa.

Hofu za wenye silaha

Mwenye msafara alikuwa na hoja nzito kuliko wote. Njia ya kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi za watu waliodai hongo, na nguvu ya kujadiliana ilitegemea idadi na ubora wa bunduki. Watu wa bara walikwisha kununua bunduki za viasi kwa miaka kadhaa kabla ya marufuku, wala sheria ya Brussels haikuweza kuzikusanya. Aliyefuata sheria na kuondoka Bagamoyo na magumegume aliweza kukutana njiani na asiyeifuata.

Mwindaji wa ndovu alikuwa na shida kama hiyo, kwani gumegume humlazimu kumkaribia mnyama sana. Mfanyabiashara wa Mjini alihofia mali iliyokwishalipiwa, na orodha za kila miezi sita zilifichua wateja wake na njia zao mbele ya serikali.

Lakini jambo lililouma zaidi lilikuwa dhamana. Aliyepima kama dhamana inatosha alikuwa ofisa wa dola lilelile lililokuwa likitwaa nchi. Msafiri wa Kizungu mwenye hati ya balozi wake alipita na bunduki yake, na makampuni ya Kiingereza na Kijerumani yalikuwa na majeshi yao, ilhali Mwarabu, Mswahili au Mhindi aliyefanya biashara hiyo kwa miaka 30 alipaswa kuthibitisha kwamba anaaminika. Upande wa pili wa hoja hauwezi kupuuzwa. Bunduki hizo ndizo zilizotumika kuteka vijiji na kuwasafirisha watu wake hadi pwani, na kwa mwanakijiji wa Manyema mwenye msafara hakuwa mtu wa kuhurumiwa kwa kunyimwa baruti.

Marufuku ilipandisha thamani ya magendo. Mwaka 1895 mfanyabiashara wa Kiayalandi Charles Stokes, aliyefanya kazi ya misafara kutoka pwani kwa miaka mingi, alinyongwa huko Kongo kwa amri ya ofisa wa dola la Mfalme Leopold, akishtakiwa kuwauzia silaha maadui wa dola hilo. Nako Maskati, mji wa jamaa za Masultani wa Zanzibar, uko kaskazini ya latitudo 20, nje ya ukanda wa Brussels. Biashara ya bunduki ikastawi huko hadi mwaka 1912, Sultani wa Oman alipokubali kufungua ghala maalumu la silaha kwa shinikizo la Waingereza. Ukoo mmoja wa Busaidi ulijikuta pande mbili za mstari uliochorwa Ulaya.

Silaha za jumba la Sultani

Masultani nao walihesabiwa bunduki zao. Jeshi la kisasa la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1877 chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, na lilifundishwa kwa bunduki za Snider zilizotolewa na Uingereza. Lilikuwa jeshi la Sultani kwa jina, lakini kamanda wake alisikiliza ubalozi. Ndiyo maana Sultani Hamad bin Thuwaini alitaka kikosi chake mwenyewe cha walinzi, na mwaka 1894 akaruhusiwa kuwa na watu 1,000. Mnamo Desemba 1895 walinzi hao walipambana na askari wa Mathews mjini, na Sultani akaonywa vikali.

Hamad alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia jumbani bila idhini ya Waingereza. Alikusanya watu karibu 2,800, wengi wao raia waliopewa silaha, pamoja na bunduki za Maxim, mizinga miwili ya uwanjani iliyotoka kwa Kaisari wa Ujerumani kama zawadi, na mzinga wa kale wa shaba nyeusi. Saa tatu asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza zilianza kupiga. Kwa chini ya saa moja jumba lilikuwa kifusi, meli ya Sultani iitwayo Glasgow imezama, na watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa upande wa Khalid. Baada ya hapo hakuna Sultani aliyeomba tena kikosi cha kwake.

Kutoka leseni za kikoloni hadi Mapinduzi

Mkataba wa Brussels ulifuatwa na mkataba mwingine wa silaha uliotiwa saini Saint-Germain mwaka 1919. Unguja ilikuwa imekwisha kuzoea leseni. Bunduki ya raia ikawa kitu cha wachache wenye mali au vyeo. Vurugu za kisiwa zilionyesha jambo hilo: katika ghasia za uchaguzi za Juni 1961 waliuawa watu 68, lakini silaha za ghasia zile zilikuwa hasa mapanga na marungu.

Bunduki zilikuwa zimekusanywa katika maghala machache ya polisi, na utaratibu huo ulionekana kuwa ndio usalama wenyewe. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 haikuwa na jeshi. Serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte ilitegemea polisi, na ilikuwa imeanza kuwaondoa polisi wenye asili ya bara. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi, wengi wakiwa na mapanga, mikuki na pinde, walishambulia vituo vya Ziwani na Mtoni. Ghala la Ziwani lilipofunguliwa, mizani ya nguvu ilibadilika kabla ya kupambazuka. Kituo cha Malindi, ukingoni mwa Mji Mkongwe, kilishikilia kwa saa kadhaa zaidi, na Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli.

Kazi ya serikali mpya ikawa kuzirudisha bunduki hizo. Tanganyika ilipeleka kikosi cha polisi kusaidia kutuliza hali. John Okello, aliyetangaza amri zake redioni kama jemadari, alizuiwa kurejea Zanzibar mwezi Machi 1964, na wafuasi wake wakanyang'anywa silaha. Hata hivyo silaha haikuacha kuingia katika siasa za visiwa: Rais Abeid Amani Karume alipigwa risasi na kuuawa tarehe 7 Aprili 1972 akiwa makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui.

Wasasi wa Unguja

Nje ya mji, silaha ya kawaida ya msasi haijawahi kuwa bunduki. Vikundi vya wasasi wa vijiji vya Unguja huwinda kwa mbwa, nyavu na mikuki, hasa nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo na mazao mengine. Wenye bunduki walikuwa wachache, miongoni mwao wakiwa baadhi ya wale walioitwa Wasasi wa Kitaifa waliotambuliwa na serikali. Baada ya Mapinduzi kulikuwa na kampeni kubwa ya kuwaangamiza chui wa Unguja, iliyochochewa na imani kwamba wachawi huwafuga, na iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui huyo hudhaniwa kuwa ametoweka. Leo uwindaji unasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996, kwa hiyo msasi mwenye bunduki hujibu kwa mamlaka mbili: ya Muungano kuhusu silaha, na ya Zanzibar kuhusu mnyama.

Sheria za sasa

Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ulinzi na usalama pamoja na polisi ni mambo ya Muungano. Zanzibar inabaki na vikosi vyake, kama JKU, KMKM, Valantia na Mafunzo, lakini leseni ya raia ni suala la Jeshi la Polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1991. Mwombaji huchunguzwa mwenendo wake na maombi yake hupita ngazi za polisi na kamati za ulinzi na usalama.

Nyuma ya sheria hiyo upo Mkataba wa Nairobi uliotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo. Unazitaka nchi wanachama kukataza kabisa raia kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe, ziwe za kufyatua mfululizo au risasi moja moja, na kuhakikisha kila silaha ina alama inayoitambulisha. Haja ya hatua kama hizo ilihisiwa Unguja tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipouawa kwa risasi alipokuwa akielekea kuongoza ibada. Mwaka 2016 wamiliki wote nchini waliagizwa kupeleka silaha zao zihakikiwe, na Rais John Magufuli alihakiki za kwake. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza kipindi cha msamaha, ambapo aliyekuwa na silaha isiyo halali aliweza kuisalimisha bila kushtakiwa.

Malalamiko ya wamiliki hayafanani. Mwenye duka au hoteli ya mbali ufukweni husema mhalifu haendi kuhakikiwa, na kwamba polisi huchelewa kufika. Wengine hulalamikia gharama na safari za kuongeza leseni. Warithi wana shida ya peke yake, kwa sababu leseni ni ya mtu na haimfuati mtoto: bunduki inayobaki kabatini baada ya mazishi inaweza kuwa kosa, hata kama hakuna aliyeigusa. Wanaounga mkono masharti hujibu kwamba ni bunduki za namna hiyo, zisizo na mwenyewe anayejulikana, ambazo huibwa na kuonekana baadaye katika ujambazi.

Gobore limepata hali ngumu kuliko zote. Katika orodha ya Brussels bunduki ya kushindilia ndiyo iliyoruhusiwa, kwa kuwa ilionekana dhaifu. Katika utaratibu wa sasa unaotegemea namba, gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijijini halina jina la kiwanda wala namba ya mtutu, hivyo mwenye kulirithi hukosa cha kuandika katika fomu, na njia iliyo wazi kwake ni kulipeleka kituoni wakati wa msamaha.